Zawadi Inayosomeka

Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikikutana njiani hazisalimiani. Ya kwanza inasema mkono mtupu haulambwi. Ya pili inasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ya kwanza inamtisha msafiri: usithubutu kubisha hodi kwa watu huku huna kitu. Ya pili inampoza: kitu si hoja, hoja ni moyo. Sasa basi, ndugu msomaji, kijana mwenye moyo lakini asiye na kitu aifuate ipi? Na yule mwenye kitu, moyo wake tutaupima kwa mizani gani?

Msije mkadhani swali hili nimelitoa vitabuni. Liliingia nyumbani kwetu Kilosa bila hodi, likakaa mkekani kama mgeni asiyejua siku ya kuondoka. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anasoma chuo kule Rabat, Moroko. Nasema Moroko nchi, si ile Morocco ya Kinondoni wanakogeuzia mabasi ya mwendokasi, maana jirani yetu mmoja alishangaa kwa nini binti aagwe kwa machozi kwenda mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Alikuja likizo. Na huko alikotoka kuna familia ya rafiki yake wa darasani iliyomfanya mtoto wao. Alipougua walimuuguza. Sikukuu alikula kwao. Mama wa nyumba ile humwita binti yangu, na humkasirikia akipitisha wiki bila kumwamkia. Siku za kurudi zilipokaribia, swali likawa moja tu: atawapelekea nini watu hawa kutoka nyumbani?

Ushauri ulikuja mwingi kuliko nauli. Mjomba alipiga simu kutoka Dar akasema anunue kitu kikubwa Kariakoo, kitu cha kung'aa, "wasije wakatuona sisi ni watu wa shida." Mshikaji wangu mmoja wa Mikumi, anayeshinda stendi, akasema hapo hamna haja ya kuumiza kichwa: kuna jamaa ana bangili za singa za mkia wa tembo, mali ya mbugani, Wamoroko watadata. Dada mwenyewe aliwaza khanga. Na mama mkubwa, ambaye hakusema chochote siku mbili, siku ya tatu akatamka taratibu kwamba ziko debe za mpunga alizoziweka kwa ajili ya miezi ya mwanzo wa masika, ile miezi ambayo mahindi mapya bado na ya zamani yamekwisha. Atauza mbili. Mtoto wake asiaibike.

Hapo ndipo niliposhtuka. Nikajiuliza: hivi zawadi inayonunuliwa kwa chakula cha mwezi wa njaa ni zawadi ya nani? Ya dada anayeibeba, ya mama mkubwa anayeilipia, au ya wadogo zetu watakaolala na uji? Na yule mama wa Rabat, anayempenda binti yetu, angeipokea kama angejua?

Kuna Mfaransa mmoja, Marcel Mauss, aliyeandika mwaka 1925 kwamba zawadi, hata ionekane ya hiari namna gani, ina wajibu tatu ndani yake: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Sidhani kama bibi zetu wangemshangaa. Walijua zamani kwamba sahani ya jirani iliyokuja na maandazi hairudi tupu. Lakini wajibu wa kurudisha hauniambii ni zawadi gani nzuri na ipi mbaya. Hongo nayo hurudishwa. Kwa hiyo ikanibidi nitafute mahali pengine, na mwanzo nilioupata ulitoka Moroko huko huko.

Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja kaskazini mwa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331. Habari za safari zake ziliandikwa baada ya kurejea kwao. Anamsifu sana sultani wa Kilwa wa wakati huo, Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, baba wa zawadi. Anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani alitoka msikitini, akakutana na fakiri kutoka Yemen. Fakiri akamwomba nguo zile zile alizovaa, tena hapo hapo. Sultani hakusita. Alirudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadili nguo, zile akampa. Watu wakamsifu mno kwa unyenyekevu wake. Mwanawe akazichukua nguo zile kutoka kwa fakiri, akamlipa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Niliposoma kisa hiki mara ya kwanza nilipiga kofi la furaha kwenye ile sehemu ya nguo. Mtu anavua la mwilini anampa maskini! Lakini kisa kinaendelea, na kadiri kinavyoendelea ukarimu unazidi na ubinadamu unapungua. Watumwa ishirini wale walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe anatuambia kwamba sultani huyo alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi za Wazenji na kuchukua ngawira. Hatuambiwi jina la hata mmoja kati ya wale ishirini. Hatuambiwi mama zao walilia lugha gani. Baba wa zawadi alitoa zawadi ya kweli mara moja tu, alipovua nguo yake. Zilizofuata zilikuwa mali ya watu wengine, na baya zaidi, zilikuwa watu wenyewe.

Sasa tutoke Kilwa turudi kwetu, maana Kilosa nasi tuna kisa chetu. Kaskazini mwa mji wetu, katika wilaya hii hii, iko Msowero. Kila aliyepita sekondari Tanzania anamjua Mangungo wa Msowero. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alifika Usagara na wenzake. Alikuwa akienda kwa watawala wa huku akiwa na zawadi, vinywaji, bendera na maneno matamu ya urafiki, kisha huchomoa karatasi. Kwenye karatasi ya Mangungo palikuwa na maneno ya urafiki wa milele, na chini ya urafiki huo palikuwa na ardhi yake yote. Februari 27, 1885, Kaizari alitoa hati ya kuyalinda maeneo yale yaliyopatikana kwa karatasi. Shuleni tulikuwa tukimcheka Mangungo, eti aliuza nchi kwa zawadi za kitoto. Hadi leo mtu akisaini mkataba mbovu tunamwita Mangungo. Mimi siku hizi namwona kwa jicho jingine. Mangungo alipokea kitu akidhani ni zawadi, kwa sababu kilikuja kimevaa nguo za zawadi. Masharti yake yaliandikwa kwa Kijerumani. Je, nani wa kuchekwa: aliyeshindwa kusoma lugha ya kwao mgeni, au aliyeandika kwa lugha isiyosomeka na mwenyeji?

Hata neno lenyewe hongo lina safari ndefu. Karne ya 19, misafara iliyokuwa ikipanda bara kupitia Usagara na Ugogo ilitoa vitambaa na shanga kwa watawala wa njiani ili ipewe njia na maji. Hiyo ndiyo iliyoitwa hongo, na ilitolewa mchana kweupe, huku kiasi chake kikijadiliwa mbele za watu. Leo neno hilo hilo ni la kunong'ona. Sisemi kwamba hongo ya misafara ilikuwa nzuri. Misafara yenyewe wakati mwingine ilibeba watu kwa minyororo. Nasema tu kwamba kitu kikishaanza kutolewa gizani, jina lake huanza kunuka.

Tukaja kwenye takrima. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilibadilishwa, ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, eti ni mila yetu ya ukarimu. Pilau, soda, fulana. Watetezi wa haki wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikavitupa nje vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Mimi sikusomea sheria, lakini naelewa ubaya ulikuwa wapi. Ukarimu wa mwenyeji hauulizi chochote kesho yake. Ile sahani ya pilau ilikuwa na swali chini yake, na swali lile halikuandikwa popote.

Mnaona ninakoelekea? Nguo ya sultani tunaisoma. Tunajua imetoka wapi, imemgharimu nani, na haidai kitu. Watumwa ishirini hawasomeki: asili yao imefutwa. Karatasi ya Peters haisomeki: masharti yake yamefichwa. Pilau la takrima halisomeki: dai lake limefunikwa na nyama. Basi nikajipatia kipimo changu, cha mtu wa kidato cha nne mwenye riwaya isiyokwisha ndani ya daftari kubwa. Zawadi nzuri ni ile ambayo anayepewa anaweza kuisoma yote: imetoka mikono gani, imemgharimu nani, na inaomba nini. Akishaisoma yote na bado akaipokea kwa furaha, hapo ndipo moyo ulipo.

Kipimo hiki hakiwahusu wafalme na wagombea peke yao. Tunakivunja sisi wenyewe kila mwisho wa mwaka. Mtu anatoka Iringa na basi, likisimama Ruaha Mbuyuni anaruka kununua mfuko wa vitunguu dirishani, akifika Dar anamwambia shangazi, "Hivi bibi amekupa, vimetoka shambani kwake." Bibi wa watu hana hata tuta moja la kitunguu! Uongo mdogo, mtasema, tena wa kufurahisha. Lakini angalia ulichofanya. Shangazi sasa anadhani anakumbukwa, kumbe amenunuliwa dirishani. Vitunguu ni vizuri kama vitunguu. Angesema tu, "Shangazi, nimepita Ruaha Mbuyuni nikakukumbuka," vingekuwa na utamu ule ule, na bibi asingetiwa kwenye jambo asilolijua.

Na upande wa mpokeaji ninaufahamu pia. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, maji yaliingia Kilosa, nyumba zikaenda, reli ikasombwa, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Nilikuwa mdogo. Mahema na unga vilituokoa, na sitasema kinyume. Lakini nakumbuka sweta zito la manyoya nililopewa na watu fulani, katika joto la Kilosa, na kwamba tulipangwa mstari tulishike juu lionekane kwenye picha. Sweta lile liliomba kitu, nalo liliomba nitabasamu. Kukataa haikuwezekana, kwa sababu aliyenyeshewa hana haki ya kuchagua. Tangu hapo nimejua kwamba zawadi usiyoweza kuikataa ina harufu ya amri.

Turudi mkekani sasa, tuyapime mashauri ya watu wangu.

Bangili ya mshikaji wa Mikumi ilianguka kwanza. Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, na barabara kuu ya Iringa inapita katikati yake, hivyo ndovu tunawaona dirishani kama majirani. Singa za mkia hazidondoki zenyewe zikaokotwa na muuza bangili. Biashara ya pembe ilipigwa marufuku duniani mwaka 1989, mwaka ule ule ambao nchi yetu iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 kukutwa na nyara ya Serikali bila kibali ni kosa la jinai. Lakini hata sheria isingekuwepo, fikiria mama wa Rabat anauliza, "Mwanangu, hii imetoka wapi?" Dada angejibu nini? Zawadi ambayo swali la kwanza linaiua haifai kufungwa kwenye karatasi.

Kitu cha kung'aa cha mjomba nacho kilisomeka vibaya. Kingesema, tazameni, sisi si maskini. Hayo ni maneno ya mtu anayejitetea, na hakuna aliyekuwa amemshitaki. Tena vitu vingi vya kung'aa vya Kariakoo vimetoka mbali kuliko Rabat yenyewe.

Khanga nilikuwa na shaka nayo kidogo, maana nusu ya khanga ni jina lake, na mama yule hasomi Kiswahili. Dada akanijibu vizuri kuliko nilivyouliza: "Nitamtafsiria." Nikanyamaza. Kumbe kisichosomeka kinaweza kusomeka kama mtoaji atakubali kukaa chini na kueleza neno kwa neno. Peters angeweza kufanya hivyo pia. Hakutaka.

Ikabaki mpunga wa mama mkubwa. Hapo mjadala ulikuwa mgumu, kwa sababu ukimwambia mama asijinyime ni kama unamwambia asiwe mama. Nilimuuliza tu: kama mama wa Rabat angekuwa amekaa hapa anatazama ghala, angekubali? Akafikiri. Akasema, "Angenipiga kofi." Basi, nikamwambia, hiyo si zawadi yake, maana tunampa kitu ambacho angekikataa kama angekijua.

Ndipo dada alipotusimulia jambo lililotulegeza wote. Kule Moroko, alisema, sukari hugandishwa ikawa kama pia kubwa, ikafungwa karatasi, na hiyo ndiyo watu wanayokwenda nayo harusini, kwenye uzazi na msibani. Sukari! Kitu kile kile tunachombebea bibi kijijini, kilo moja ndani ya mfuko, sisi ambao miwa inalimwa kwetu na kiwanda cha Ruembe kiko upande wetu wa Ruaha Mkuu. Tulikuwa tumekaa siku tano tunawaogopa watu ambao nao hubisha hodi na sukari mkononi. Akaongeza kwamba wana vikapu vya kusukwa, vyenye mfuniko uliochongoka juu, vya kuwekea mkate. Mama mkubwa akauliza mara mbili: umechongoka vipi? Dada akaonyesha kwa mikono. "Hilo si kawa?" akasema. Na mama mkubwa ni msukaji. Jioni akitoka shamba alikaa barazani na ukili wake, akasuka makawa mawili, moja la rangi mbili. Mpunga ukabaki ghalani.

Mjomba alilalamika kwenye simu: mnapeleka kawa kwenye nchi ya makawa? Si ni kupeleka kuni msituni? Mimi nadhani alikuwa ameligusa jambo bila kujua. Tumezoea kudhani zawadi bora ni ile ambayo mwenzako hajawahi kuiona. Lakini asichowahi kukiona hawezi kukipima. Atashangaa tu, na kushangaa si kuelewa. Mwanamke aliyekulia kwenye vikapu vya kusukwa akilishika kawa atalipitisha vidole, atajua mshono gani umekazwa na upi umelegea, atajua ni jioni ngapi. Anaweza hata kulikosoa. Mtu anayeweza kuikosoa zawadi yako umemheshimu, kwa sababu umempa kitu akiwa na macho yake yote mawili.

Najua mtaniuliza swali moja zito, nami sitalikwepa. Vipi kuhusu mama anayesema "nimeshiba" huku hajala, ili mtoto ale? Zawadi ile imefichwa gharama yake yote, na hakuna iliyo kubwa kupita hiyo. Je, nayo ni mbaya? Siwezi kusema hivyo. Mimi mwenyewe nimekula chakula hicho. Naweza kusema tu kwamba mtoto naye huja kuisoma, ila anaisoma amechelewa, akiwa mtu mzima, na siku anapoisoma tonge humkwama. Labda upendo wa mzazi una ruhusa ya kuficha kwa sababu mtoto hana uwezo wa kusoma bado. Lakini mtu mzima kwa mtu mzima, mwenyeji kwa mgeni, taifa kwa taifa, sioni ruhusa hiyo inatoka wapi. Anayenificha gharama ya zawadi yake ananifanya mtoto.

Kwa hiyo methali zangu mbili nimezipatanisha kwa namna yangu. Kutoa ni moyo, sawa, lakini moyo wenyewe usijifungie ndani ya mfuko mweusi. Na ile ya mkono mtupu, hebu iangalieni vizuri: anayelamba mkono wa mtu ni nani? Ni mbwa, ni mbuzi, ni ndama. Tukienda kwa marafiki hatuendi kulambwa mikono. Tunakwenda kushikwa mkono, na wa kushikwa hata ukiwa na kawa tu, unatosha. Mwenye hoja tofauti na ailete, kurasa zipo.